Sindano na Uzi: Kitambaa Ndicho Kinachochagua Ua

Tangu tulipoeleza, katika toleo lililopita, namna ya kutengeneza waridi la satini la kupachikwa kwenye kilemba, barua zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua sita, na pale ambapo wasomaji kadhaa wameuliza jambo moja nimemjibu mmoja kwa niaba ya wote. Waliouliza habari za maua ya karatasi na ya plastiki wanisamehe, kwani hayo si ya sindano wala si ya uzi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji, huu ni mwaka wangu wa pili. Nilifuata maelezo yako ya kupitisha petali karibu na mshumaa ili ukingo ujikunje. Kwa satini nyeupe niliyonunua dukani kazi ilitoka vizuri, lakini nilipojaribu vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mwalimu wangu, vilishika moto na kuacha mstari mweusi kama ukoko wa wali. Nilikosea wapi? Na je, vipande hivyo havifai kabisa kwa maua?
*Fundi chipukizi, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono wako haukukosea. Kilichokosewa ni kitambaa, na lawama kubwa ni yangu, kwa kuwa niliandika neno “satini” bila kusema ni satini ya nyuzi gani. Satini ni jina la namna ya kufuma, ile inayoacha uso wa kitambaa uking’aa na mgongo wake ukififia, na inaweza kufumwa kwa hariri, kwa pamba au kwa poliesta. Ile inayouzwa kwa wingi katika maduka yetu ni ya poliesta, ambayo kwa asili ni plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi, na plastiki hiyo huyeyuka inapofikia nyuzijoto zipatazo 255 za Selsiasi. Unapoisogeza karibu na mwali, ukingo hulainika, husinyaa na kujikunja, kisha hupoa ukiwa umezifunga nyuzi zote zisichomoke. Pamba haina tabia hiyo hata kidogo, kwa sababu pamba ni mmea: haijui kuyeyuka, inajua kuungua tu.

Kwa hiyo, kabla ya kukata petali ya kwanza, chomoa nyuzi chache ukingoni mwa kitambaa, uzishike kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, uzisogeze kwenye mwali na kuangalia zinavyoungua, zinavyonuka na zinachoacha. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri huungua kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, na donge inaloliacha husagika ukilifinya baada ya kupoa. Poliesta huanza kusinyaa kabla hata mwali haujaigusa, na donge lake hubaki gumu kama ushanga. Ukiona jivu na donge gumu kwa pamoja, basi kitambaa ni mchanganyiko. Siku hizi vipo vitenge vya pamba tupu, vya mchanganyiko na vya poliesta tupu, vyote vikiwa vimetundikwa kwenye kamba moja dukani, na ndiyo maana fundi mmoja atakuambia kwamba kitenge kinakubali mshumaa na mwingine atakuapia kwamba hakikubali, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Kuhusu mshumaa wenyewe, petali ishikwe sentimita 2 hadi 3 kando ya mwali, si juu ya ncha yake ambako masizi yatauchafua ukingo, na izungushwe polepole bila kusimama mahali pamoja. Utambi uwe mfupi. Dirisha liwe wazi, kwa sababu moshi wa plastiki haufai kuvutwa, lakini mshumaa usikae kwenye njia ya upepo. Mtandio uufunge nyuma, na bakuli la maji liwe mkononi mwako, si jikoni. Tone la poliesta iliyoyeyuka hung’ang’ania ngozi na kuendelea kuunguza, kwa hiyo likikudondokea litie majini mara moja, usijaribu kulibandua.

Vipande vya kitenge usivitupe. Ukingo usiozibika kwa joto huzibwa kwa kufichwa, na waliofanya kazi hiyo kwa ustadi wa kustaajabisha ni mafundi wa Japani, ambao tangu enzi ya Edo (1603 hadi 1868) wana sanaa iitwayo *tsumami zaiku*: hukata hariri nyepesi katika miraba midogo, hukunja kila mraba kwa kibano hadi ukawa petali moja ambayo kingo zake mbichi zimeelekea chini, kisha hupanga petali hizo juu ya gundi ya wali. Wasichana wanaojifunza kazi ya geisha mjini Kyoto, waitwao *maiko*, huvaa maua hayo kichwani na kuyabadilisha kila mwezi kufuata majira. Wewe anza na mraba wa sentimita 5. Ukunje kona kwa kona upate pembetatu, uikunje hiyo katikati upate pembetatu ndogo zaidi, kisha urudie mara ya tatu. Utapata petali nyembamba yenye ncha, na kingo zote mbichi zitakuwa upande mmoja. Upande huo punguza kidogo kwa mkasi, ushone petali nane kwa duara juu ya kipande cha kitambaa kizito, halafu ufunge katikati kwa kifungo kilichovikwa kitenge hichohicho. Kitenge chenye michoro mikubwa hupendeza zaidi hapa kuliko chenye michoro midogo, kwa kuwa kila mraba hutoka na rangi yake na ua huonekana kana kwamba limetiwa rangi kwa brashi.

SWALI: Shikamoo Bi Mshonaji. Natengeneza maua makubwa ya pamba nyeupe ya kupamba sebule, na huyatia wanga ili yasimame. Siku ya kwanza yanapendeza, lakini baada ya wiki mbili, hasa wakati wa masika, petali zinalala kama zimemwagiwa maji, na mara mbili sasa nimekuta mende wamezitafuna. Niongeze wanga au nifanyeje?
*Mama Sebule Nzuri, Mombasa*

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiongeze. Wanga ni chakula, uwe wa muhogo au wa mahindi, na mende hana habari kwamba wewe umeupika kwa ajili ya pambo. Isitoshe, wanga hufyonza unyevu wa hewa, na kwenu Pwani wakati wa masika hewa yenyewe ni nusu ya maji. Ukiongeza wanga utaongeza kile kinachofyonza, na ua litalala upesi zaidi. Wanga unafaa kwa ua la siku moja, kama la arusi au la maulidi. Kwa hilo, kijiko kimoja cha mezani katika kikombe cha maji, ukakoroga kwanza kwa maji baridi kisha ukapika hadi ukaona uji umeng’aa, kinatosha.

Kwa ua la kukaa miezi, tumia gundi nyeupe ya maji, ile wanayotumia watoto shuleni na maseremala kwenye mbao, sehemu moja ya gundi kwa sehemu tatu za maji. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: kitambaa hukazwa kabla ya kukatwa, si baada. Chovya kipande kizima, kikamue kwa kukipitisha katikati ya vidole viwili, kitandaze juu ya nailoni kivulini hadi kikauke, kipige pasi kikiwa kimefunikwa kwa karatasi, ndipo ukate petali. Kitambaa kilichokazwa namna hii hakitoi nyuzi ukingoni, kwa hiyo umemaliza matatizo mawili kwa kazi moja.

Kisha petali ipewe umbo kwa joto. Mafundi wa Paris, ambao wametengeneza maua ya mavazi kwa vizazi vingi, hutumia vyuma vyenye kichwa cha mviringo kama gololi, vidogo na vikubwa, ambavyo hupashwa moto na kukandamizwa juu ya petali iliyolazwa kwenye mto laini hadi ikabonyea kama kiganja. Karakana iitwayo Lemarié, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1880 kwa kazi ya manyoya, ingali inatengeneza kwa mkono maua ya *camellia* ya nyumba ya mitindo ya Chanel. Wewe na mimi tuna kijiko. Pasha mgongo wa kijiko cha chuma chenye mpini wa mbao, ukijaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani, laza petali juu ya sponji iliyofunikwa kwa kitambaa cha pamba, ukandamize katikati huku ukizungusha. Hewa ya Mombasa itajaribu kulilegeza ua hilo pia, lakini itachukua muda mrefu.

Msomaji mwingine wa Lamu ameuliza kama anaweza kutumia jelatini badala ya gundi, kwa kuwa amesikia kwamba mafundi wa zamani wa Ulaya waliitumia. Ni kweli waliitumia, na hariri iliyokazwa kwa jelatini hubaki na mng’aro ambao gundi nyeupe huufifisha. Lakini jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe wakiwemo, kwa hiyo soma pakiti, na kama haisemi ni ya mnyama gani, achana nayo. Mende nao wanaipenda.

SWALI: Assalamu alaykum Bibi. Marehemu bibi yetu mzaa mama, mzaliwa wa Unguja, alituachia doti tatu za kanga kuukuu. Mimi na dada zangu tungependa kutengeneza maua kutokana na kanga hizo ili tuyavae siku ya arusi ya mdogo wetu. Mama anasema kuzikata ni kukosa adabu. Pia kitambaa kimelegea sana, nachelea hakitastahimili. Tunaomba ushauri.
*Wajukuu watatu, Muscat*

JIBU: Wa alaykumu salaam, wanangu. Mola amrehemu bibi yenu. Nitaanza na mama yenu kabla ya kufika kwenye mkasi, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakina rufaa, na mama akinung’unika siku ya arusi, ua hilo mtalivua kabla ya saa ya kula. Nadhani kinachomuuma si kukatwa bali ni kukatwa jina. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini, na mwanamke hachagui kanga bila kusoma jina lake. Mwekeeni mama ahadi tatu: jina halitaguswa, upande mmoja wa kila doti utabaki mzima, na mkasi utaanzia mahali palipokwisha kuchanika. Kanga iliyovaliwa miaka mingi huisha kwanza pale ilipokuwa ikifungwa, na vipande vinavyoizunguka sehemu hiyo mara nyingi vinatosha maua matatu bila kuugusa upande mwingine. Akikataa hata baada ya hapo, basi amekataa, na dukani kuna kanga mpya.

Akikubali, furahini kwamba kitambaa kimelegea. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani na hukataa kukunjwa vizuri, lakini kanga iliyofuliwa mara mia hujikusanya marinda yenyewe ukivuta uzi. Isipokuwa ni dhaifu, kwa hiyo kabla ya kukata ipigeni pasi pamoja na kile kitambaa chepesi chenye gundi upande mmoja ambacho mafundi hutia ndani ya kola. Chagueni kilicho chembamba kuliko vyote, maana kizito kitawarudisha kwenye ugumu wa kanga mpya. Lowesheni pia pembe moja na kuifinya ndani ya leso nyeupe. Kanga nyekundu na nyeusi za zamani huweza kuchuja rangi hata baada ya miaka, na jasho la shingoni mwa mwari halitauliza umri wa kitambaa.

Ua linalofaa kwenu ni la petali tano za mviringo. Kateni duara tano za sentimita 7, kila duara likunjwe nusu, mpige bandi, yaani mishono mirefu ya kupitisha uzi tu, kufuata ukingo uliopinda, mvute uzi hadi nusu hiyo ijikusanye ikawa petali, kisha bila kukata uzi mwendelee na petali ya pili hadi ya tano, mfunge ya mwisho na ya kwanza. Kingo zote mbichi zitakutana katikati, na ushanga au kifungo kitazificha. Ua litakuwa la sentimita 6 hivi, kipimo kizuri cha kifuani au cha upande wa nywele. Kama kanga ina korosho, ile michoro iliyopinda kama korosho kwenye pindo, wekeni duara juu yake kwa namna ambayo korosho nzima itaangukia upande wa mbele wa petali. Hapo pana kazi ya kupima na kukosea, kwa hiyo kateni kwanza karatasi.

Bibi yenu, nina hakika, alivaa kikuba cha asumini na rehani kabla ya kuvaa ua la kitambaa, na kikuba kilikuwa na kitu ambacho ua la kitambaa halina, yaani harufu. Msiyatie maua mafuta ya manukato, yataacha doa la duara lisilotoka. Yawekeni ndani ya tenga lililofunikwa, chini pakiwa na chetezo chenye udi, mbali na makaa, kwa muda wa robo saa. Pamba kuukuu hushika moshi wa udi kwa siku kadhaa. Na yashonwe kwenye pini ya kufunga, si kwenye nguo, ili nguo ifuliwe peke yake.

SWALI: Bibi, nilipata oda ya mawaridi 200 ya satini ya kupamba viti vya ukumbi. Nilitoza shilingi 800 kwa ua. Nilinunua mita 16 za satini yenye upana wa mita moja na nusu, kila mita shilingi 5,000, na uzi, gundi, shanga na mishumaa vilinigharimu shilingi 20,000. Nililala usiku wa manane siku tisa, nikamlipa msaidizi shilingi 40,000, na mkononi nikabakiwa na shilingi 20,000. Watu wananiambia niongeze bei, lakini mteja hatakubali. Kila ua lina petali 14.
*Mpambaji, Dodoma*

JIBU: Nakupongeza kwa kuandika hesabu, kwa kuwa wengi huniandikia machozi matupu. Wanaokuambia uongeze bei hawajakosea kabisa, ila mimi ningeanza na ua lenyewe. Kama umefuata kipimo nilichotoa, ua lako lina petali tano za sentimita 10, tano za sentimita 8 na nne za sentimita 6. Ukizihesabu kama miraba, hizo ni sentimita za mraba 964 kwa kila ua. Mita moja ya satini yako ina sentimita za mraba 15,000, kwa hiyo kwenye karatasi unapata maua 15, na mezani, ukiondoa mabaki yasiyokwepeka, unapata 13. Ndipo zilipokwenda zile mita 16.

Sasa, ua la kilemba hutazamwa na mtu aliyeketi karibu nawe, lakini ua la kiti hutazamwa kutoka mlangoni. Ondoa safu nzima ya petali kubwa. Petali tisa zinazobaki zinatumia sentimita za mraba 464, na kila mita itakupa maua yapatayo 28, yaani maua 200 kwa mita 8. Umeokoa shilingi 40,000, na umeokoa pia kuunguza kingo za petali 1,000, kazi ambayo ndiyo iliyokulaza usiku wa manane. Chini ya ua weka duara moja la shifoni lenye marinda, ambalo hulipatia ua upana bila kuhitaji mshumaa kwa kila petali. Hilo halitalipunguzia ua lako heshima: nimeona kumbi nyingi, na sijamwona mgeni akihesabu petali.

Kukata nako kuna siri yake. Kunja satini hadi iwe na tabaka nane, ibane kwa pini ili isiteleze, weka kigezo cha karatasi ngumu juu yake na ukate zote kwa mara moja. Duara lisipokuwa kamili usijali, moto utalirekebisha. Kabla ya kutaja bei kwa mteja ajaye, tengeneza ua moja la mfano huku saa ikiwa mbele yako, umuoneshe ua hilo, na umuombe nusu ya malipo kabla hujaenda dukani, maana haifai wewe kumkopesha arusi.

Jambo la mwisho, umetaja gundi. Gundi ya bunduki ni ya haraka na siikatai kwenye viti, lakini hulegea kwa joto, na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Dodoma linatosha kuilegeza. Ukisafirisha maua mchana, petali za katikati ziwe zimeshonwa walau kwa mishono miwili.

SWALI: Mimi ni kijana wa kiume na napenda kazi hii, lakini wenzangu wananicheka kwamba maua ni kazi ya kike. Nimeanza kukata tamaa.
*Kijana wa Mwanza*

JIBU: Mwanangu, wengi wa mafundi cherehani wanaokaa barazani mwa maduka mjini kwenu ni wanaume, na sijasikia mtu akiwacheka kwa kutia lesi kwenye gauni la bi arusi. Nitakupa na mfano wa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walianza desturi ya kuvaa ua jekundu kifuani kila Novemba kuwakumbuka waliokufa. Maua ya kwanza, ya mwaka 1921, yalikuwa ya kitambaa na yalitoka Ufaransa, na mwaka uliofuata Meja George Howson akafungua London karakana ambamo waliokuwa wakikaa mezani kuyatengeneza ni askari waliorudi na vilema. Ua hilo lilibuniwa makusudi ili hata mtu aliyepoteza matumizi ya mkono mmoja aweze kuliunganisha. Waliowahi kushika bunduki hawakuona haya kushika petali. Wewe una mikono miwili, basi niletee picha ya ua lako la kwanza nililaumu mimi, badala ya wao.

SWALI: Napenda majani ya maua yangu yawe ya kijani iliyokolea, lakini sipati kitambaa cha rangi hiyo. Sokoni kuna rangi ya unga inayopimwa kwa kijiko, isiyo na pakiti. Naweza kuinyunyiza juu ya jani lenye gundi?
*Mama Majani, Bukoba*

JIBU: Usinyunyize unga wowote usioujua juu ya kitu utakachokikata, kukikunja na kukipulizia karibu na pua yako. Mwaka 1861 mjini London alifariki msichana wa miaka 19, Matilda Scheurer, ambaye kazi yake ilikuwa kunyunyiza unga wa kijani kwenye majani ya maua ya bandia. Unga huo ulitengenezwa kwa shaba na aseniki, ambayo ni sumu kali, na wakati huo ulipendwa sana kwa sababu hakukuwa na kijani nyingine iliyokolea kama hiyo. Aliutapika ukiwa wa kijani, na weupe wa macho yake ukageuka kijani. Sisemi kwamba unga wa Bukoba ni huohuo. Nasema kwamba kitu kisicho na pakiti hakina wa kukiulizia.

Nunua rangi ya nguo yenye maelezo, uichemshe katika sufuria ambayo haitarudi jikoni, uchovye pamba nyeupe ikiwa nzima, uisuuze hadi maji yatoke meupe, ndipo uikaze na kuikata. Rangi hizo hushika pamba na hariri, lakini poliesta nyingi huzikataa na hubaki na kijani hafifu ya mboga iliyochemshwa mno. Ukitaka jani lenye mishipa, weka waya mwembamba katikati ya vipande viwili vya kitambaa ulivyovibandika kwa gundi nyeupe, na kabla gundi haijakauka kabisa pitisha mgongo wa kisu kisicho na makali kutoka kwenye waya kwenda ukingoni. Jani lishonwe kwenye kikonyo kabla ya ua, kwa sababu ukishafunga ua sindano haina tena pa kupita.